Anasoma Ubao Mchana, Jioni Haoni Njia

Kipimo cha macho kinachofahamika zaidi katika zahanati na shule zetu ni ule ubao wa herufi E zinazotazama juu, chini, kushoto na kulia, mpimwaji akiwa amesimama mita 6 na kufunika jicho moja kwa kiganja. Kwa kazi yake ni kipimo kizuri. Humnasa mtoto anayehitaji miwani, humnasa bibi mwenye mtoto wa jicho, na hakidai zaidi ya karatasi na ukuta wenye mwanga. Lakini upo ugonjwa ambao ubao huo huupitisha mwaka baada ya mwaka bila kuushuku, mgonjwa akisoma mstari wa mwisho bila kukosea, huku jicho lake likiendelea kufa kutoka pembeni kuja katikati. Ni ugonjwa wa kurithi wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na madaktari huuita retinitisi pigmentosa. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ugonjwa huu unaweza kutambuliwa mapema kuliko watu wengi wanavyodhani, na kinachohitajika kwanza si mashine. Dalili zake husikika katika maelezo ya mgonjwa na ndugu zake miaka mingi kabla hazijaonekana kwenye ubao. Tatizo ni kwamba maelezo hayo hayaulizwi, na yakitolewa hupewa jibu la ugonjwa mwingine.

Tuanze na jinsi jicho linavyofanya kazi, maana hapo ndipo mazingira ya wilaya hizi yanapoingia. Retina ya binadamu ina seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Vijiti, takriban milioni 120 katika kila jicho, hufanya kazi kwenye mwanga hafifu na vimetapakaa zaidi pembeni. Koni, takriban milioni 6, zimesongamana katikati nazo hutupa rangi, kusoma na kutambua sura za watu. Retinitisi pigmentosa kwa kawaida huanza kuua vijiti. Mtu hubaki na koni zake, kwa hiyo mchana ni mzima na ubao anausoma. Giza likianza kuingia, yeye hupotea kabla ya wenzake. Anayeishi kwenye mtaa wenye taa za barabarani anaweza kufika utu uzima bila kugundua tofauti hiyo. Kijana wa Basotu anayerudisha ng'ombe zizini saa kumi na mbili na nusu jioni, au msichana anayepanda mteremko wa Dongobesh na ndoo kichwani jua likiwa limeshazama, hana nafasi ya kutogundua. Makorongo, mawe na ukingo wa njia humpima kila siku. Kuna pia jambo linalosahaulika, nalo ni mwendo wa jicho kuzoea giza. Mtu mwenye macho mazima akitoka juani na kuingia katika nyumba ya udongo yenye dirisha dogo, huona gizagiza kwa muda mfupi kisha vitu hujitokeza. Mwenye ugonjwa huu hukaa mlangoni akipapasa, na kiti kilichosogezwa asubuhi huwa ajali. Watu wa nyumbani humwita mzembe.

Baadaye uwanja wa kuona nao huanza kupungua. Kwanza linatokea eneo lisiloona, mfano wa pete, katikati ya pembeni na kitovu, kisha pete hiyo hupanuka hadi mtu abaki akiona kama anayechungulia kwenye bomba. Hapo huonekana mambo ambayo familia huyasimulia kama tabia. Amenyooshewa mkono wa salamu upande wa kushoto naye hakuupokea. Amejikwaa kwenye kamba ya ndama mchana kweupe. Amedondosha shilingi na sasa anapapasa chini ilhali ipo karibu na kiatu chake. Mnadani anagongana na watu, na wapo wanaoapa kuwa amelewa. Kisha mtu huyohuyo anachukua simu na kusoma ujumbe wenye maandishi madogo, jambo linalowafanya waliomzunguka waamini kwamba anajifanya. Kwa anayeujua ugonjwa, kusoma maandishi madogo na kushindwa kuona ndama ni ushahidi mmoja wenye pande mbili. Shirika la Afya Duniani humhesabu mtu kuwa kipofu ama akiwa na uoni chini ya 3/60, ama akiwa amebakiwa na uwanja usiozidi nyuzi 10 kuzunguka kitovu cha anachokitazama. Kwa kigezo hicho cha pili, anaweza kuwepo kipofu anayesoma gazeti.

Kwa nini basi dalili hizi zikipelekwa zahanati hupata jibu lisilo lake? Sababu kuu inaheshimika. Kutoona usiku ni dalili ya kwanza ya upungufu wa vitamini A, na Tanzania ina historia chungu ya upungufu huo. Allen Foster, aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mvumi mkoani Dodoma, pamoja na Alfred Sommer, walichapisha mwaka 1987 utafiti kuhusu vidonda vya konea (kioo cha mbele ya jicho), surua na upofu wa watoto nchini. Ulionyesha jinsi surua, ukosefu wa vitamini A na dawa za kienyeji za macho zilivyokuwa zikiwapofusha watoto. Chanjo ya surua na vitamini A inayotolewa mara mbili kwa mwaka, kidonge cha buluu kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11 na chekundu kwa wa mwaka 1 hadi miaka 5, vilikuja kubadili hali. Utafiti uliofanywa katika shule za wasioona za Tanzania, Kenya, Uganda na Malawi, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa sehemu ya watoto waliopofuka kwa makovu ya konea ilikuwa imepungua ikilinganishwa na miaka 14 kabla yake. Huo ni ushindi wa kujivunia. Lakini una tokeo lake: adui mkubwa akipungua, magonjwa yaliyokuwa yamejificha nyuma yake huchukua nafasi kubwa zaidi katika hesabu. Mazoea ya kusema "haoni usiku, apewe vitamini" yalijengwa wakati wa adui yule, na hayajasahihishwa kulingana na hali ya leo.

Wala sisemi vitamini isitolewe. Kinyume chake, ndiyo hatua ya kwanza iliyo sahihi zaidi, kwa sababu yenyewe ni kipimo. Mtu ambaye haoni usiku kwa upungufu wa vitamini A, akipewa dozi ya matibabu, huanza kuona ndani ya siku moja au mbili. Vijiti vyake vilikuwa hai vikikosa malighafi tu. Aliyerithi ugonjwa wa retina hatapata nafuu hiyo, maana vijiti vyenyewe vinakufa. Kwa hiyo swali muhimu linapaswa kuulizwa wiki mbili baada ya kidonge, na hilo ndilo lisiloulizwa: je, umeanza kuona? Akijibu hapana, kumpa kidonge kingine na kingine ni kupoteza muda, na kwa mjamzito ni hatari, kwani vitamini A kwa wingi humdhuru mtoto tumboni. Umri nao unazungumza. Upungufu wa vitamini huwashika zaidi watoto wadogo na kina mama wajawazito au wanaonyonyesha, na mara nyingi weupe wa jicho huwa mkavu au hutokea doa lenye povu jeupe. Mvulana wa miaka 13 mwenye macho yanayong'aa, aliyeshiba, asiyeona jioni tangu darasa la pili, hana sura ya upungufu wa vitamini. Limewahi pia kuwepo tumaini kwamba vitamini A inaweza kupunguza kasi ya ugonjwa wenyewe wa kurithi, kufuatia jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1993, lakini mapitio ya baadaye hayakupata ushahidi wa kutosha wa kulishikilia.

Mgonjwa aliyeshukiwa kwa maswali anahitaji mtu wa kumtazama ndani ya jicho. Kazi hiyo imewezekana tangu mwaka 1851, Hermann von Helmholtz alipotengeneza kile kitochi chenye lenzi ambacho leo hukaa katika mfuko wa tabibu wa macho. Mboni ikishapanuliwa kwa dawa ya matone, mtazamaji hutafuta mambo matatu. Kwanza, madoa meusi yenye matawi kwenye retina, hasa eneo la katikati ya pembeni na kitovu. Pili, mishipa ya damu ya retina iliyosinyaa na kuwa myembamba kupita kawaida. Tatu, kichwa cha neva ya macho kilichopauka, chenye rangi ya nta. Mara nyingi huongezeka mtoto wa jicho anayeota nyuma kabisa ya lenzi, kwa vijana ambao hawana umri wa kuwa naye. Yote haya huwa katika macho yote mawili na kwa kulingana. Likiwa jicho moja tu, afikiriwe mtu aliyeumia au aliyewahi kupata uvimbe ndani ya jicho. Mtazamaji asiwe na haraka ya kumwachia mgonjwa kwa sababu hakuyaona madoa meusi, kwani miaka ya mwanzo yanaweza yasiwepo kabisa. Asiwe na haraka ya kuhukumu pia akiyaona. Kaswende inaweza kuchora retina kwa sura inayofanana sana, nayo inatibika. Kwa watu wazima waliotumia klorokwini kwa miaka mingi kwa maradhi kama ya baridi yabisi, dawa hiyo nayo huweza kuidhuru retina.

Hapa linakuja swali la urithi, na ndipo ninapoona uzembe mkubwa zaidi, hata pale ambapo daktari ameuliza. Wairaqw na Wadatoga hufuata nasaba ya upande wa baba. Mtu akiulizwa kama kuna asiyeona katika ukoo, hutaja mababu na baba wadogo. Lakini retinitisi pigmentosa hupita kwa njia zaidi ya moja. Katika njia ya kwanza hutoka kwa mzazi mgonjwa kwenda kwa mtoto kwa bahati ya nusu kwa nusu. Katika ya pili, baba na mama wote wawili ni wazima lakini kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni lenye kasoro, na mtoto mmoja katika wanne, kwa wastani, hupata zote mbili. Huyo atasemwa hana historia yoyote ya ukoo. Katika ya tatu jeni lipo kwenye kromosomu ya X: mama hulibeba na baadhi ya wavulana wake huumwa. Kwa njia hii ya tatu, anayepaswa kuulizwa habari zake ni mjomba, tena na mjomba wa mama. Daktari asiyetaja neno mjomba atapewa mti wa ukoo uliokatwa nusu, na kwa nia njema kabisa ya aliyeutoa. Zaidi ya jeni 80 zimekwishahusishwa na ugonjwa huu tangu kasoro ya kwanza ilipogunduliwa mwaka 1990 katika jeni la rodopsini, lakini huhitaji kujua jeni ipi ili kumuuliza mtu kuhusu wajomba zake.

Masikio nayo yaulizwe. Kuna familia ambazo mtoto huzaliwa kiziwi au mwenye usikivu hafifu na kisha, akiwa shuleni, huanza kupoteza uoni wa usiku. Hali hiyo huitwa sindromu ya Usher, kwa jina la daktari Charles Usher wa Uskoti, aliyeandika mwaka 1914 kuwa ni ya kurithi. Mtoto huyu ni mgumu kumtambua kwa sababu hali ya kwanza huificha ya pili. Mwalimu ataona kiziwi asiyefuata mazungumzo ya ishara bwenini saa mbili usiku na atafikiri ni kutojali, ilhali haoni mikono ya wenzake. Kila mtoto kiziwi katika Mbulu na Hanang anastahili kuulizwa kama anaona gizani, na hata mzazi anaweza kumuuliza. Kidole cha sita, ugonjwa wa figo, unene wa tangu utotoni na kutoona usiku vikikutana katika mtoto mmoja, navyo ni jambo la kumpeleka kwa daktari. Kidole cha sita peke yake ni cha kawaida katika familia nyingi na hakina neno.

Msomaji makini atasema haya yote ni kwa ugonjwa adimu, wakati mkoa huu umebeba trakoma (vikope), mtoto wa jicho na upungufu wa wataalamu. Ni hoja nzito, na hesabu yake haifichiki. Kwa makadirio yanayotumika duniani, mtu 1 katika takriban 4,000 ana retinitisi pigmentosa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,892,502 mkoani Manyara. Kwa uwiano huo tungetarajia mkoani watu wasiopungua 450, ikiwa hali yetu haitofautiani na ya kwingine. Si umati, lakini si wachache wa kupuuzwa. Hata hivyo jibu langu kubwa halipo kwenye idadi hiyo. Kipimo cha uwanja wa kuona kinachomnasa mwenye retinitisi pigmentosa ndicho kilekile kinachomnasa mwenye glakoma iliyokomaa, presha ya macho kama wengi wanavyoiita, ambayo nayo huanza kula pembeni na kuacha katikati. Utafiti uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwapima watu 3,268 wa miaka 40 na kuendelea na kukuta takriban 4 katika kila 100 wana glakoma. Hao si adimu. Kipimo chenyewe hakina gharama: mpimaji na mgonjwa huketi wakitazamana kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, mgonjwa anafunika jicho la kulia na mpimaji la kushoto, kisha mpimaji huleta kidole taratibu kutoka pembeni, nusu ya njia kati yao, hadi mgonjwa aseme nimekiona. Tofauti kati ya walivyoona wawili hao ni habari. Dakika tatu zinatosha, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufundishwa asubuhi moja.

Njia ya kuuliza nyumba kwa nyumba si ngeni Mbulu. Watafiti waliofanya kazi na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, akiwemo daktari wa neva Andrea Winkler, waliuchunguza ugonjwa wa kifafa vijijini kwa utaratibu wa kwanza kuuliza maswali, kisha kumpeleka kwa mtaalamu yule tu ambaye majibu yake yalitia shaka. Kifafa, kama retinitisi pigmentosa, hukaa katikati ya maelezo ya kishirikina na aibu ya familia, na bado watu walijibu. Sioni kwa nini mpango wa namna hiyo ushindwe kwa macho, hasa ukipandikizwa kwenye shughuli zinazofika kijijini tayari.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: ya nini kumwambia mtu kwamba ana ugonjwa usiotibika? Ni kweli kwamba hakuna dawa ya kuponya aina nyingi. Tiba ya jeni ya kwanza ya ugonjwa wa kurithi wa retina iliyoidhinishwa Marekani, Desemba 2017, ni kwa wenye kasoro katika jeni moja tu, RPE65, na bei yake ilipoingia sokoni ilikuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Haitamfikia mkulima wa Haydom kesho. Lakini kutotibika ugonjwa si kutotibika mgonjwa. Mtoto wa jicho anayeota nyuma ya lenzi huweza kutolewa, na uvimbe wa katikati ya retina hupungua kwa dawa. Kijana ambaye uwanja wake unapungua anaweza kushauriwa asichukue mkopo wa pikipiki kuendesha bodaboda mjini Katesh, na ushauri huo huokoa maisha yake na ya abiria. Mwanafunzi anaweza kutambuliwa kama mwenye uoni hafifu, akaketishwa karibu na dirisha na kuombewa karatasi za maandishi makubwa kabla ya mtihani wa taifa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ina faida kwake kama anajua ana ulemavu. Zaidi ya yote, familia inaacha kuuza mbuzi kwa ajili ya mganga anayetafuta aliyemroga. Mimi ninaona kuwa gharama ya kutojua ni kubwa kwa sababu hulipwa kidogokidogo bila risiti.

Lipo pingamizi la tatu ambalo silijibu kwa ukamilifu, kwa sababu lina ukweli. Mtu akisema ugonjwa ni wa kurithi, watoto wote wa nyumba hiyo hupata doa katika habari za ndoa. Na ukisema umepitia kwa mama, unaweza kumvunjia ndoa. Kwa aina inayohitaji nakala mbili, elimu humtetea mama, kwa kuwa baba amechangia sawasawa. Kwa aina ya kromosomu ya X hakuna maneno yatakayofuta ukweli kuwa jeni limetoka upande wake, ingawa si kosa lake zaidi ya rangi ya macho yake. Hapa ninakubali mipaka: mti wa ukoo uandikwe katika faili, siyo katika mkutano wa kijiji, na mama aelezwe kwanza, peke yake, kabla ya wazee. Lakini ukimya hauzuii lawama. Mahali pasipo maelezo ya kitabibu, lawama hutafuta mtu, na mara nyingi aliye karibu ni mama huyohuyo.

Kinachobaki ni njia ya rufaa, nayo haina wepesi. Kutoka Haydom hadi hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, ni zaidi ya kilomita 300 za barabara, na matone ya kupanua mboni humfanya mgonjwa asafiri akiwa ameduwazwa na jua kwa saa kadhaa. Asiyeona usiku hawezi kurudi peke yake na basi linaloshusha abiria saa nne usiku. Msindikizaji ni lazima, nauli ni ya watu wawili, na kulala Moshi usiku mmoja ni sehemu ya gharama ya kipimo. Timu ya macho inapopita Katesh au Mbulu mjini kwa ajili ya vikope na mtoto wa jicho, ikiwa na kitochi cha Helmholtz na chupa ya matone, inaweza kuwatazama walewale waliokwisha kuorodheshwa na wahudumu wa jamii. Orodha hiyo ianze na wale waliopewa vitamini wakabaki hawaoni.